Goti Lisilokuwa Langu

Naanza kwa kukiri, maana najua hadithi hii mmeshaisikia kwa midomo ya watu wengine na kila mdomo umeongeza chumvi yake: ndiyo, ni mimi, Célestin Mwamba, mwenye diploma ya ufundi wa mitandao ya kompyuta, mwenye karakana ya simu njia ya Kasapa, niliyekufa mara tatu mbele ya wakwe zangu siku ya kujitambulisha, kwenye televisheni, huku mama mkwe akinielekeza pa kukimbilia kutoka nyuma ya pazia. Wanaosema nilikufa mara tano wananionea. Zilikuwa tatu.

Mnijue vizuri kwanza, ili mwelewe nilianguka kutoka urefu gani. Niliondoka Lubumbashi kwa basi, na begi moja lenye zipu mbovu, sina mjomba mwenye cheo wala baba mwenye kampuni, nikakaa Johannesburg miaka tisa, nikarudi kwa ndege. Nasema kwa ndege. Siku niliyoshuka Luano nilimwomba mfanyakazi mmoja wa uwanja wa ndege anipige picha ndege ikiwa nyuma yangu (alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali), na picha hiyo leo iko ukutani karakanani kwangu, pembeni ya diploma, na diploma iko ndani ya fremu yenye kioo, na kioo nakifuta kila asubuhi kabla sijapokea mteja. Mtu akileta simu iliyoingia maji, kabla sijaigusa namwacha asome ukuta kidogo. Watu wakiniuliza kule nilikuwa nafanya nini, nilikuwa najibu, “Sekta ya usafiri,” halafu nawauliza habari za watoto. Haikuwa uongo kabisa. Nilikuwa mlinzi wa magari kwenye uwanja wa kuegesha wa duka moja kubwa, nimevaa fulana ya njano inayong'aa, nikiwapungia mkono watu wazima wanaorudisha magari nyuma, na jioni nikienda darasani. Magari ni usafiri, au siyo?

Sasa mchezo wenyewe. Una jina refu la kigeni ambalo hapa hakuna anayejisumbua kulitamka. Sisi tunauita Nusu Saa, kwa sababu kazi yako ndani yake ni moja tu, kubaki hai nusu saa. Unachagua shujaa kutoka visa vya kale vya dunia, mungu wa radi, mwanamke mwenye nywele za nyoka, mfalme aliyezikwa pamoja na simba wake, unawekwa katikati ya uwanja mpana kwenye simu yako, na viumbe wa ajabu wanaanza kukujia kutoka kila upande, kwanza kumi, halafu mia, halafu huoni tena nyasi. Silaha inapiga yenyewe. Wewe unasogea tu kwa kidole gumba na kuokota vijiwe vinavyong'aa, na ukiokota vya kutosha unaletewa baraka tatu uchague moja. Ukifika dakika ya thelathini umeshinda. Wengi hawafiki.

Na kama mnavyotujua, sisi watu wa Lubumbashi hatuwezi kucheza kitu bila kukisemea. Kuna ukurasa wa wachezaji ambapo kila mtu anaandika maoni yake na kutoa nyota, moja mpaka tano, na nawaambieni ukurasa ule ni mtamu kuliko mchezo. Mchimbaji mmoja wa Kambove alitoa nyota mbili kwa sababu viumbe wanaochomoka chini ya ardhi wanamkumbusha kazini. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama ni dhambi kuchukua baraka ya mungu wa radi, na mtu akamjibu achukue kwanza, maana dakika ya kumi ataihitaji, kisha Jumapili atubu. Mwanafunzi mmoja alitoa nyota moja kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu ikazimika akiwa dakika ya ishirini na nane, na lawama zote akautupia mchezo. Wapo wanaosema mungu wa radi ni dhaifu, na wapo wanaosema anayesema hivyo hajui kuchagua baraka. Najua ndugu wawili wa tumbo moja walioacha kusalimiana kwa sababu ya mwanamke wa nyoka.

Mimi nami niliandika. Jina langu la pale lilikuwa Diplômé, na maoni yangu nayakumbuka neno kwa neno: “Mchezo huu ni mwepesi kama uji wa mtoto. Mtu aliyesoma anaumaliza kwa siku mbili. Nyota mbili.” Ukweli ni kwamba sijawahi kupita dakika ya saba. Lakini nani angejua? Chini yake, siku ileile, mtu anayejiita Fundi 29 aliandika swali moja tu: “Ndugu, ulifikaka dakika ngapi?” Sikujibu. Nilijiambia kwamba mtu mwenye diploma habishani na mtu mwenye namba kwenye jina.

Wakati huo nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria. Ngalula, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke ambaye akikuangalia unaanza kusahihisha sentensi zako mwenyewe, alikuwa amekubali kuolewa na mimi, na ikabaki familia yake ikubali. Hapo ndipo palipokuwa na mlima. Baba yake, Papa Kabeya, alifanya kazi maisha yake yote kwenye karakana ya treni. Sasa amestaafu, amepasuliwa goti, anatembea kwa fimbo, mzee mpole wa maneno machache. Ngalula alinionya mapema. Alisema baba yake anasamehe umaskini, anasamehe kuchelewa, anasamehe hata ulevi kidogo siku za sikukuu, lakini mtu anayejisifu kwa uongo hamsamehi. Dada yake mkubwa, Odia, aliwahi kuwa na mchumba aliyejiita injinia. Mzee alimwomba tu, kwa upole, atazame pampu ya maji ya nyumbani. Saa moja baadaye mchumba alisindikizwa mpaka barabarani, amelowa, pamoja na mbuzi wake.

“Weye sema tu vile uko,” Ngalula aliniambia. “Itatosha.”

Nilimjibu kwamba mimi nina diploma, uongo wa nini.

Sasa, sisi wenye asili ya Kasai, hata tuliozaliwa hapahapa na ambao Kasai tunaijua kwa kusimuliwa, siku ya kwenda kwa wakwe hatuendi na maneno makavu. Tunaenda na kasala. Mtu mwenye kipawa anasimama anakusifu mbele ya watu, anataja babu zako na majina yao ya fahari, halafu anafika kwako, anataja matendo yako wewe mwenyewe, na wakwe wanajua wanampa nani binti yao. Kwetu kazi hiyo ni ya shangazi yangu, Tantine Kapinga, muuza samaki wakavu, ambaye hajui kusoma lakini kichwani ana vizazi tisa bila kukosea jina. Ukimwambia kitu mara moja kimeingia, na kitatoka vilevile kilivyoingia, hata kikohozi ulichokohoa katikati. Hilo mliweke akilini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kwenda, alikuja karakanani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema babu zangu wote anao, anachokosa ni matendo yangu.

“Kule ulifanyaka nini, mutoto wangu? Unipe kitu cha kusema.”

Ni hapo. Mkitaka kujua nyumba yangu ilianza kuungua wapi, ni hapo. Ningeweza kusema, Tantine, nililinda magari ya watu. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaitazama diploma, nikaitazama picha ya ndege, nikaona haiwezekani mtu aliyeshuka Luano aimbiwe fulana ya njano. Na simu yangu ilikuwa mezani, ukurasa wa wachezaji uko wazi, na juu kabisa palikuwa na maoni marefu ambayo wiki ile kila mtu alikuwa akiyasifu, nyota tano, yameandikwa kama utenzi. (Nani aliyaandika sikutazama. Mtu mwenye haraka hatazami jina.) Nikamwambia Tantine asikilize vizuri, nikaanza kumsomea, nikibadilisha kila “mimi” kuwa “yeye”:

“Alisimama peke yake kwenye uwanja usio na ukuta. Walimjia pande zote, wenye vichwa vya mbwa na wenye mikia ya moto, na hakuwa na ndugu kulia wala kushoto. Hakukimbia kwa woga, alikimbia kwa hesabu. Waliomfuata waligeuka vumbi, vumbi likageuka mawe ya kung'aa, na mawe akayaokota bila kusimama. Dakika ya ishirini na tisa, goti likimuuma, radi ilikuwa bado mkononi mwake.”

Tantine akanisogelea.

“Ile yote ni kule Johannesburg?”

“Ni mfano, Tantine. Ni maisha magumu.”

“Na bale ba vichwa vya imbwa?”

“Wenye wivu.”

Akatikisa kichwa, ameridhika. Wenye wivu anawajua. Halafu mimi, badala ya kushukuru Mungu na kunyamaza, nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza: nikamwomba sehemu ile aiseme kwa Kiswahili, asiitie kwenye Tshiluba, lugha yetu ya Kasai, kwa sababu vijana wa nyumba ile Tshiluba chao ni cha kusalimia tu, na sikutaka sifa zangu zimpite mtu hata mmoja. Kama ningemwacha aigeuze kwa maneno yake ya Tshiluba, labda mpaka leo ningekuwa natembea njia ya Kasapa kama mtu mwenye heshima zake.

Jumamosi mchana tulifika. Mimi na suti ya bluu, tai nyekundu, viatu vinavyolia kidogo (sauti ya ngozi halisi). Nyuma yangu baba zangu wadogo wawili, Tantine Kapinga na kitambaa kipya kichwani, makreti ya vinywaji, na mbuzi aliyefungwa kamba, mbuzi mzuri, mwenye ndevu. Tukakaribishwa sebuleni. Papa Kabeya alikuwa kwenye kiti chake, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. Odia, ambaye ni muuguzi na ana sauti ya kuita wagonjwa kutoka mwisho wa korido, alikaa karibu na mlango wa ndani. Na nyuma ya mlango huo, nyuma ya pazia la maua, alikuwa mama mkwe. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni hivihivi, wala hawasemeshani moja kwa moja kabla mambo hayajakamilika. Ni heshima ya ukwe, tunaiita buko, na ukiivunja unailipa. Kwa hiyo mama akitaka kusema neno anamnong'oneza Odia, na Odia analileta sebuleni kwa sauti ya hospitali.

Tantine Kapinga akasimama. Jamani, mwanamke yule ana kipaji. Alianza na babu wa babu kwa Tshiluba, akamtaja aliyevuka mto na moto kwenye chungu, akamtaja aliyekuja Katanga na mguu mmoja wa kiatu, na baba yangu mdogo Anaclet, ambaye hata msibani halii, akatoa leso. Papa Kabeya alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza injini iliyopona. Nikamwona Ngalula mlangoni, anatabasamu. Nikavuta mikono ya koti langu, maana nilijua sasa inafika zamu yangu, na Tantine akageukia Kiswahili:

“Alisimama peke yake kwenye uwanja usio na ukuta.”

Odia aliinua kichwa.

“Walimjia pande zote, wenye vichwa vya mbwa na wenye mikia ya moto.”

Upande wa wakwe mtu alikohoa, na kile kikohozi, sasa ninajua, kilikuwa kicheko kilichokanyagwa. Mimi nilidhani wamevutiwa. Nikakaza shingo zaidi. Tantine akasema, “Hakukimbia kwa woga,” akavuta pumzi, na kabla hajaendelea, nyuma ya pazia la maua sauti ya mama ikamalizia polepole, kama mtu anayesali na wengine, “alikimbia kwa hesabu.”

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri sifa zangu zimenitangulia. Naapa. Nilikaa pale na kufikiri, Célestin, umeshakuwa mtu wa kuimbwa na watu ambao hujakutana nao.

Tantine akafika kwenye goti. Papa Kabeya alishusha mkono wake wa kulia kutoka kwenye fimbo, akauweka juu ya goti lake, taratibu, kama mtu aliye sokoni anayegusa mfuko kuona kama simu yake bado ipo. Akaomba, kwa heshima zote, Tantine arudie kipande kile cha mwisho. Tantine akarudia, hakukosea hata herufi: dakika ya ishirini na tisa, goti likimuuma.

“Goti gani, mama?” mzee akauliza. “La kushoto ao la kuume?”

Tantine akanitazama mimi. Sebule nzima ikanitazama. Magoti yangu, nataka mjue, ni mazima kabisa, sijawahi kuumwa goti tangu nizaliwe. Nikasema la kwanza lililonijia.

“La kushoto, papa.”

“Langu ni la kuume,” akasema mzee.

Halafu akainama mbele kidogo, hana hasira, sauti ileile ya upole aliyomwombea yule injinia atazame pampu, akaniuliza:

“Mukwe, ulifikaka dakika ngapi?”

Swali lile nilikuwa nimelisoma kabla ya siku hiyo, kwa maneno yaleyale, chini ya uji wangu wa mtoto. Fundi, kwa sababu ya karakana ya treni. Ishirini na tisa, kwa sababu ndipo alipofika na goti likamzidi. Baadaye Ngalula alinieleza kwamba mzee alipewa simu ile na Odia baada ya upasuaji, ili atulie kitini, na kwamba maoni yale aliyaandika kwa siku nne, akimsomea mke wake kila sentensi jioni mpaka mama akayajua kwa moyo. (Nilimuuliza Ngalula kwa nini hakuniambia baba yake anacheza Nusu Saa. Akasema sikuwahi kuuliza habari za baba yake, nilikuwa nasimulia za ndege.)

Mtu mwenye akili hapo angepiga magoti, yote mawili, mazima yalivyo. Mimi ulimi wangu, ambao haujawahi kwenda shule yoyote, ukajibu wenyewe:

“Thelathini, papa.”

“Bon,” akasema mzee. “Odia, unga telefone kwa televisheni.”

Odia hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waya ulitoka mfukoni mwake kama vile alikuwa ameubeba miaka yote tangu mbuzi wa injinia. Nikakabidhiwa simu ya mzee, nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya sebule, na mungu wa radi akatokea kwenye televisheni, mkubwa kama mtoto wa miaka mitano, akisubiri.

Mara ya kwanza nilikufa dakika ya pili. Nilisema ni kioo cha simu, hakisikii vidole vyangu, na kama fundi naweza kukibadilisha. Mara ya pili nilikufa dakika ya tatu na nusu, na safari hii sikuwa na la kusema juu ya kioo, kwa sababu watu wote walikuwa wanaongea. Maoni ya ule ukurasa wote yalikuwa yamehamia sebuleni. Upande wa wakwe walisema nimekosea kuchagua ngao mapema, ngao ni ya wazee. Upande wetu baba mdogo Anaclet, ambaye nilidhani ananitetea, alisema hapana, kosa lilikuwa kuacha mkuki, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye naye anacheza na ameshafika dakika ya ishirini na mbili. Wakaanza kubishana juu ya mwanamke wa nyoka. Mzee mmoja wa wakwe akasema mchezo umeharibika tangu walipoongeza simba, nyota tatu tu, asipewe zaidi. Mambo ya posa hakuna aliyekuwa anayakumbuka isipokuwa mimi, na mbuzi uani.

Mara ya tatu nilivua koti. Nikalegeza tai. Nilikuwa nacheza kuokoa ndoa yangu, na kidole gumba kilikuwa kinateleza kwa jasho.

“Mama anasema ukimbie kushoto,” Odia akatangaza.

Nikakimbia kushoto.

“Mama anasema uache kuokota mawe moja moja sawa muntu anachagua maharagi. Uzunguke kwanza, mawe itakungojea.”

Nikazunguka. Na kweli, dakika ya nne ikapita, ya tano ikapita, wenye mikia ya moto wakawa vumbi, na kwa dakika nzima nilikuwa yule mtu aliyesimuliwa kwenye kasala. Dakika ya sita uwanja ukajaa. Wenye vichwa vya mbwa walitoka pembe zote, mimi kidole kikaganda, Odia bado anapokea mnong'ono wa mama, na mama akaona kupitia upenyo wa pazia kwamba mnong'ono hautafika kwa wakati.

“Toka pale, weye, watakumeza,” akapaza sauti mwenyewe, moja kwa moja kwangu.

Wakanimeza. Lakini hakuna aliyetazama televisheni. Mama mkwe alikuwa amemsemesha mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe, kabla ya wakati, mbele ya koo mbili, na heshima ya buko imevunjika. Sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mbuzi akitafuna. Katika kimya hicho Tantine Kapinga, ambaye muda wote alikuwa amekaza macho kwenye televisheni, akawanyooshea kidole wale viumbe waliokuwa bado wanairukia maiti yangu.

“Célestin,” akasema, “hawa njo wenye wivu?”

Sitawaeleza kicheko kile. Baba mdogo Anaclet alitoa leso tena. Mimi nilikuwa natazama watu wawili tu ambao hawakucheka. Papa Kabeya alikuwa amemwita Odia karibu, na nilisikia vizuri alichomwagiza, aende uani akafungue kamba ya mbuzi, tuondoke naye. Na Ngalula alikuwa mlangoni, mikono kifuani, ananitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili kwa jirani yake mpaka na jina la jirani.

“Sema vile uko,” akaniambia.

Nikasimama. Nikamwambia mzee kwamba maneno yale niliyaiba, ni yake, goti ni lake, na dakika thelathini sijawahi kuziona. Nikamwambia kule nilikuwa mlinzi wa magari. Nikaeleza fulana ya njano, na jua la pale ambalo lami inalirudisha usoni, na wenye magari wanaokutazama kama nguzo, na jinsi nilivyojifunza masomo ya mitandao kwa kuandika vipande kwenye kadi na kuzitoa mfukoni kuzisoma kati ya gari moja na jingine, miaka tisa, mpaka diploma. Sijui nilizungumza muda gani. Najua sikutumia neno “usafiri.”

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kama fundi anayeuliza chombo kimefanya kazi kiasi gani:

“Gari ngapi ziliibwa juu yako?”

Ulimi ulishajiandaa kusema hata moja. Niliuhisi unainuka. Nikauma meno.

“Moja, papa. Mwaka wa tatu. Nilikuwa nimesinzia.”

Papa Kabeya akanitazama. Akatazama goti lake. Akasema kwamba yeye naye, mwaka mmoja, alisinzia kwenye karakana na kichwa cha treni kikatoka na breki isiyokazwa, na kwamba hilo hajaliandika kwenye maoni popote. Halafu akamwita Odia arudi na amwache mbuzi alipo.

Tantine Kapinga hakungoja kuombwa. Akasimama, akaingia kwenye Tshiluba chake, na bila kufikiri, akisuka kile alichokisikia dakika hiyohiyo, akaniita mwenye kulinda milango mia asiyoifungua hata mmoja, anayepunga mkono majitu ya chuma yakarudi nyuma, aliyesinzia mara moja na akajitaja mwenyewe. Nyuma ya pazia mama alijibu kwa kigelegele. Vijana ambao hawajui Tshiluba walikuwa wanavutana mashati kuuliza amesema nini, na safari hii sikutaka watafsiriwe.

Hukumu ilitolewa palepale. Mbuzi wa kwanza alipokelewa. Mbuzi wa pili nilitozwa kwa ajili ya maneno ya mzee, kwa sababu maneno ya mtu ni mali yake, na kuku mweupe kwa mama, kwa kumfanya aseme kabla ya wakati. Niliwaleta Jumamosi iliyofuata, kwa miguu, suti nimeiacha nyumbani. Ngalula ni mke wangu leo, na mezani kwa baba yake ninaitwa Dakika Sita, na mashemeji wanaliita kwa heshima kabisa, kama ni jina la ubatizo.

Nimejifunza, na sitarudia: mtu akiniuliza nilifanya nini, nitamwambia nilichofanya, na kama hakitoshi kuimbwa basi tukae kimya. Fulana ya njano nimeitoa kwenye begi, iko ukutani sasa, upande wa pili wa diploma (katika fremu, ndiyo, yenye kioo, fremu nzuri zaidi ya ile ya diploma). Na kwenye ukurasa wa wachezaji nimefuta yale maoni ya uji wa mtoto, nikaandika mapya: “Mchezo ni mgumu. Nilifika dakika ya sita. Nyota tano.” Fundi 29 alinijibu siku ileile: “Ndugu, sasa tunaweza kuongea.”

(Ilikuwa dakika sita na sekunde arobaini na moja, lakini nimeapa kuacha kujisifu.)